Wanafuta tozo kila bajeti, mihuri inabaki pale pale. Tujadili urasimu wa biashara ndogo na wa majumbani

Kudurufu_Moro:

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nina steshenari Morogoro mjini. Zamani nilikuwa natoa kopi, napiga picha za pasipoti na kuuza madaftari. Siku hizi wateja wengi wanakuja na shida nyingine kabisa: nisajilie jina BRELA (wakala wa usajili wa biashara), niombee leseni kwenye Tausi (mfumo wa mtandaoni wa halmashauri), nitolee TIN (namba ya mlipakodi), niingizie maombi ya cheti cha kuzaliwa RITA, nitolee kontroo namba ya kulipia serikalini. Niseme wazi mapema ili asije mtu kunisuta mbele ya safari: urasimu ndio unaonilipia ada za watoto. Serikali ikirahisisha mambo kweli kweli, mimi narudi kwenye madaftari. Bado nataka irahisishe.

Kila mwezi wa sita bajeti ikisomwa tunahesabiwa tozo zilizofutwa. Na zimefutwa kweli, tusiwe wanafiki. Ule mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, MKUMBI, wengine mnaujua kwa jina la Blueprint, ulipitishwa 2018 na utekelezaji ukaanza Julai 2019. Bajeti ya 2019/20 ilikuja na ada na tozo 54 za kufutwa au kupunguzwa. OSHA, wale wa usalama mahali pa kazi, waliondoa ada ya kusajili eneo la kazi. Mwenye TIN mpya akapewa miezi sita ya kupumua kabla ya kodi ya mapato kuanza kumwangukia. Kabla ya hapo ulikuwa unakadiriwa na kudaiwa hata kiberiti kimoja hujauza.

Sasa njooni kwa mteja wangu mmoja, mama wa siagi ya karanga. Anakaanga karanga uani, anasaga kwa mashine ndogo, anajaza vikopo vya gramu 400, lebo namchapia mimi. Soko lake lilikuwa majirani na walimu wa shule mbili. Supamaketi moja ikaonja, ikaipenda, ikamwambia: lete alama ya ubora na bakodi, tukupe rafu.

Jina la biashara BRELA ni 20,000, yaani 15,000 ya usajili na 5,000 ya utunzaji wa mwaka. Hiyo aliitoa kwenye kitenge bila kununa. Tabu ilianza kwenye pango. Ili apate hati ya kutodaiwa kodi, anatakiwa mkataba wa pango. Mkataba una ushuru wa stempu na kodi ya zuio ya asilimia 10 ambayo kisheria inakatwa kwenye kodi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba kusikia hivyo akagoma kusaini. "Mimi nimekupangisha chumba na uani, sijakupangisha kiwanda." Mwisho wa siku zuio lilitoka mfukoni mwa mama, kama linavyotoka kwa wapangaji karibu wote ninaowahudumia, mkataba ukasainiwa kwa kubembelezana.

Halafu wakaja wakaguzi. Ofisi sitazitaja. Wa kwanza akatazama dari, choo na vyeti vya kupimwa afya vya wasichana wawili wanaomsaidia. Akaandika: weka wavu dirishani, paka ukuta rangi ya mafuta. Akaweka, akapaka. Wa pili akaja kutazama dari ile ile na choo kile kile. Rangi ya mafuta haikumridhisha, akataka vigae. Wa tatu alitaka mtungi wa kuzimia moto na hakuingia hata jikoni. Kila mmoja na siku yake, kila mmoja na fomu yake, na hakuna aliyeomba kuona alichoandika mwenzake. Mama anazo karatasi zote kwenye faili la bluu nililomuuzia mwenyewe, ukizisoma ni kama zinazungumzia majiko matatu tofauti.

Piga hesabu ya ada zote hizo, mtu angekopa VICOBA akalipa. Kilichomuumiza ni siku. Siku ya kumsubiri mkaguzi hukaangi karanga, maana hujui anakuja saa ngapi. Siku ya kufuata barua ya mtendaji hukaangi. Na hizo siku hakuna bajeti iliyowahi kuzifuta.

Maoni yangu ni haya. Ada ni rahisi kufuta kwa sababu waziri anaisoma bungeni na watu wanapiga makofi. Mhuri ni mgumu kwa sababu una mwenyewe. Taasisi inapangiwa lengo la maduhuli, halmashauri ina lengo la mapato ya ndani, na mtu haachii kwa hiari kitu kinachompa bajeti. Ukimfutia tozo ya usajili, anabaki na ukaguzi. Ukimfutia ada ya ukaguzi, anabaki na faini.

Mhuri ukiondolewa kweli unaona tofauti. Mnaosindika chakula mnakumbuka kabla ya 2019: chupa moja ya pilipili inahangaika TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) kwa usajili wa chakula na jengo, halafu TBS (shirika la viwango) kwa ubora. Sheria ya Fedha ya 2019 ikachukua chakula na vipodozi ikavipeleka TBS, TFDA ikawa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba. Pale ofisi nzima iliondoka mlangoni kwa msindikaji. Mageuzi ya namna hiyo ndiyo nayataka, na ndiyo yanayokuja kwa nadra.

Karibuni. Mods, msiuunganishe na ule uzi wa kikokotoo.

Dogo_wa_Mifumo:

Mkuu unaongea ya 2010. Kila kitu kiko mtandaoni sasa hivi. Jina la biashara nimesajili nikiwa kitandani, TIN hivyo hivyo, leseni Tausi. Tatizo ni watu hawataki kujifunza, na nyie wa steshenari mnawatisha ili mle hela.

Kudurufu_Moro:

Dogo, hela tunakula, sikatai. Ila njoo ukae dukani kwangu asubuhi moja.

Anaingia mzee wa duka la vifaa vya baiskeli. Simu yake ya vitufe. Mfumo unataka emaili, hana, namfungulia. Unataka neno la siri, ananiambia weka lolote, naandika kwenye kipande cha karatasi, anakikunja anakitia kwenye kofia. Mwakani leseni ikiisha, kile kipande kimeshafuliwa na kofia. Kwa hiyo anarudi kwangu, kwa sababu emaili ya biashara yake naijua mimi. Nina daftari zima la emaili na maneno ya siri ya watu wazima wenye biashara zao. Hiyo ndiyo dijitali ya mtaani.

Bado maswali ya NIDA. Mfumo unamuuliza jina la kwanza la mama yake. Anasema Hawa. Mfumo unakataa. Mwanahawa, unakataa. Tunajaribu mpaka tunafungiwa, tunasubiri. Foleni ya halmashauri imehamia kwangu, tofauti ni kwamba mimi nina feni na natoza 5,000.

Na cha kuchekesha, akishathibitishwa kwa namba ya NIDA mtandaoni, kuna ofisi nyingine itamwambia alete kopi ya kitambulisho kile kile, imegongwa mhuri wa mwanasheria. Serikali inamwomba raia aithibitishie serikali kitambulisho kilichotolewa na serikali.

Afisa_Biashara_Mstaafu:

Nimefanya kazi halmashauri mbili mpaka nimestaafu, nikaona leo nichangie.

Kijana wa steshenari umeandika vizuri lakini una haraka ya kufuta. Wakubwa wenu tulishaona kufuta. Mwaka 2003 Kodi ya Maendeleo ilifutwa pamoja na kero nyingi za halmashauri, wananchi wakafurahi, sisi ofisini tukabaki tunatazamana, hela ya mafuta ya gari la kata haipo. Leseni nazo zikalegezwa, baadaye ada zikarudi. Mwaka 2007 Bunge likapitisha Sheria ya Usajili wa Shughuli za Biashara, wazo likiwa tuondoke kwenye leseni tuhamie kwenye usajili. Leo nenda duka lolote uangalie kilichotundikwa ukutani: ni leseni, kwa Sheria Namba 25 ya 1972, Kundi A au Kundi B, kama tulivyofundishwa.

Kuhusu karanga: unajua sumukuvu, ile sumu ya ukungu? Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Karanga ni hatari vile vile, hata zaidi, na sumu yenyewe haionekani kwa macho wala haiishi kwa kukaangwa kwa moto wa jikoni. Huyo mama akiuzia shule bila kupimwa, akiumia mtoto mtamlaumu nani? Mtasema serikali ilikuwa wapi.

Kudurufu_Moro:

Shikamoo mzee. Umenigusa pale pale nilipotaka nifike.

Katika wote walioingia jikoni kwa yule mama, hakuna aliyemuuliza karanga anazinunua wapi, zinakaushwa chini au kwenye turubai, anazihifadhi kwenye nini. Waliangalia ukuta. Karanga zenyewe zilikuja kuulizwa sampuli ilipofika maabara, ikiwa hatua karibu ya mwisho, na ndiyo hatua pekee ambayo mlaji angeilipia kwa moyo mweupe. Ingekuwa ya kwanza. Mpime karanga kwanza, mkikuta ni salama ndiyo mje na habari za vigae.

Na tuwe wakweli kwa upande mzuri pia: TBS wana utaratibu wa kuwahudumia bila ada wajasiriamali wadogo wanaopita SIDO, shirika la viwanda vidogo. Mama alikwenda SIDO akapewa barua. Wengi hawajui, wanakaa nje wakiogopa gharama. Yeyote anayesindika kitu humu, aanzie SIDO ya mkoa wake, asianzie kwa kishoka.

Afisa_Biashara_Mstaafu:

Marahaba. Hapo tumeelewana. Ila usisahau kwamba mkaguzi hana kipimo cha sumukuvu mfukoni. Ana macho na fomu. Fomu ikiuliza dari ataandika dari.

Mpangaji_wa_Kimara:

Mnaongelea biashara tu, majumbani je? Mimi nina la kodi ya majengo.

Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ghorofa 5,000 kwa kila sakafu, na 2023 ile ya 1,000 ikapanda kuwa 1,500. Serikali ikasema imerahisisha, hakuna foleni tena. Kweli foleni imeisha. Ila anayenunua umeme ni mimi mpangaji, nyumba si yangu. Wakasema mpangaji na mwenye nyumba wataelewana. Mwambie mwenye nyumba wa Kimara akupunguzie 1,500 kwenye kodi, uone kama mwezi ujao bado una chumba.

Kwa hiyo urahisi mwingine ni wa mkusanyaji, siyo wa mlipaji.

Kudurufu_Moro:

Naunga mkono hoja, na sentensi yako ya mwisho naiiba.

Nyumba zenye mita nyingi nazo zilileta kazi: mwenye nyumba inabidi aende mwenyewe kueleza kwamba mita nne zote ziko kwenye nyumba moja. Yaani mfumo umerahisishwa halafu kazi ya kuusahihisha kapewa raia.

Ila majumbani kuna jambo moja limefanyika vizuri mno na halisemwi: vyeti vya kuzaliwa vya watoto chini ya miaka mitano. Zamani unapata tangazo la kizazi hospitalini, halafu unafunga safari mpaka wilayani kufuata cheti, unalipa ada, unaambiwa njoo wiki ijayo. Mtu wa kijijini nauli inamzidi ada. Utafiti wa afya wa 2010 ulikuta watoto wa umri huo wenye cheti hawafiki hata 1 kati ya 10. Mwaka 2013 RITA wakaanza Mbeya na utaratibu mwingine: mtoto anasajiliwa kwenye zahanati anakopelekwa chanjo au ofisi ya kata, cheti kinaandikwa pale pale, bure, na taarifa zinatumwa kwa simu. Wakaenda mkoa baada ya mkoa.

Tazameni walichokata. Ada waliifuta ndiyo, lakini kikubwa walikata safari. Kusajili na kupata cheti, mambo mawili yaliyokuwa ofisi mbili, yakawa meza moja, na meza ikapelekwa mahali ambapo mama yupo tayari na mtoto mgongoni. Mimi huyo mteja nilimpoteza na sijutii.

Linganisheni na mtu mzima wa miaka 40 asiye na cheti, anayekitaka kwa ajili ya pasipoti. Huyo bado namwona dukani: kiapo, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki iliyoliwa na mchwa.

Machinga_Mwandamizi:

Kitambulisho cha Magufuli, kile cha wajasiriamali wadogo, mmekisahau? Desemba 2018, 20,000 kwa mwaka, mauzo yako yasizidi milioni 4, mgambo asikuguse. Huo ndio ulikuwa ukataji wa urasimu. Karatasi moja badala ya ushuru wa kila asubuhi.

Kudurufu_Moro:

Sijakisahau mkuu. Wazo lilikuwa zuri na kwa mtu wa meza ya nyanya 20,000 kwa mwaka ilikuwa nafuu kubwa kuliko kulipa ushuru kila siku. Nina mawili tu ya kuongeza. Moja, vilishushwa kwa wakuu wa mikoa vikiwa na idadi, na kitu kikishushwa na idadi kinageuka kuwa cha kuuzwa. Nimeona kibao kwa watu wenye maduka ya jumla. Pili, hakikukupa mahali pa kukaa. Oktoba 2021 machinga walipoondolewa barabarani Dar, kitambulisho kilikuwa mfukoni na meza ikaondoka vile vile.

Mswahili_wa_Namanga:

Niko upande wa Kenya hapa mpakani. Nairobi tangu 2023 kaunti ilileta permit moja ya biashara, zile za trade, fire na health zimeunganishwa, unalipa mara moja. Na Huduma Centre tunazo tangu 2013, unapata huduma kibao chini ya paa moja. Kwa hiyo kuunganisha inawezekana.

Lakini kuna kitu akina mama wa huku hawakijui pande zote mbili. Ukivusha mzigo usiozidi dola 2,000 na bidhaa ziko kwenye orodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinatolewa pale pale mpakani, bure, hulipi ushuru wa forodha. Huhitaji wakala. Na bado watu wanapita njia za panya na magunia mawili ya maharage, wanampa mtu wa pikipiki hela nyingi kuliko wangetumia kupita getini.

Dogo_wa_Mifumo:

Hii ya mpakani ndiyo nasikia leo.

Kudurufu_Moro:

Asante sana jirani. Huo ndio urasimu wa kutojua. Utaratibu mzuri upo, umebandikwa ofisini kwa mwenyewe, na anayeuhitaji hapiti pale.

Wengine mmeniuliza inbox nataka nini hasa. Sina andiko. Ningekuwa na sauti Dodoma ningeanza na ukaguzi: ripoti ya mkaguzi wa kwanza iingie kwenye faili moja la biashara, wa pili alazimike kuisoma, na akitaka kinyume na mwenzake wamalizane wao, mwenye jiko asubiri jibu moja. Pili, ofisi ya umma isidai karatasi ambayo ofisi nyingine ya umma ndiyo iliyoitoa. Namba ya NIDA wanayo, waongee wenyewe. Tatu ni kuweka muda. Ombi likikaa kupita siku zilizoandikwa kwenye ule mkataba wa huduma kwa mteja uliobandikwa ukutani, lihesabike limekubaliwa, isipokuwa mambo ya dawa, chakula na moto. Hili la tatu najua litapigwa vita kuliko yote.

La fedha za taasisi nimeshalisema juu. Mkaguzi ambaye mshahara wa ofisi yake unategemea anachokukuta nacho atakukuta nacho tu. Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, halafu tena Juni 2024, kelele nyingi hazikuwa za viwango vya kodi. Zilikuwa za namna watu wanavyoingiliwa: usajili wa stoo, ukamataji, risiti. Ikazinduliwa Tume ya Rais ya maboresho ya kodi Oktoba 2024 chini ya Balozi Ombeni Sefue. Tume ya kodi ni nzuri, ila yule mama wa karanga kodi hajafikia hata kuilalamikia. Anatafuta ruhusa ya kuuza.

Mama_Unga_wa_Lishe:

Mimi nauza unga wa lishe Dodoma. Kaka Kudurufu, yule mama alipata alama mwishoni?

Kudurufu_Moro:

Alipata dada yangu. Vikopo viko rafuni. Vigae navyo aliweka, nusu ukuta.

Mama_Unga_wa_Lishe:

Hongera zake. Mimi nilifungua TIN ya biashara miaka ya nyuma nikauza nguo kidogo, nikaacha, sikumwambia mtu. Sasa nataka kusajili hii ya unga. Naogopa kwenda, nitaambiwa nadaiwa.

Kudurufu_Moro:

Usifungue nyingine, TIN ni moja kwa mtu maisha yote. Biashara ukiifunga bila kuwataarifu TRA, yaani mamlaka ya mapato, kwao inaonekana bado inaendelea, na inawezekana makadirio yamekaa hapo. Andika barua kwa meneja wa ofisi uliyosajiliwa, eleza lini uliacha, ambatanisha chochote ulichonacho: barua ya mtendaji, mkataba wa fremu ulioisha, leseni ya zamani isiyohuishwa. Ipeleke mwenyewe mkononi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usimtume kishoka, na kopi usije kutoa kwangu, Dodoma mna steshenari zenu.